Wimbo wa matoleo, sauti nne, Do = G: naomba mniambie ni wapi haujakaa sawa

#1 mtunzi_wa_kigango (mleta uzi)

Tumsifu Yesu Kristo. Wakuu, walimu wa kwaya, wapiga vinanda na waimbaji wote mliomo humu, habari za jioni.

Nafundisha kwaya ya kigango huku Kilombero. Tuko kama 20, wengi ni wakulima wa mpunga, kinanda hatuna, Do tunaipata kwenye simu. Nimetunga wimbo wa matoleo kwa ajili ya kipindi cha mavuno, na sitaki kuufundisha kabla haujapita mikononi mwa watu wanaojua zaidi yangu. Mnajua wenyewe, mwimbaji akishashika nota vibaya kumtoa hapo ni shughuli. Bora tusumbuane kwenye karatasi.

Kila nikituma kazi kwenye magrupu ya WhatsApp narudishiwa "hongera mwalimu, Mungu akuzidishie". Nashukuru kwa moyo wote, ila hongera haiwezi kunionyesha sauti ya tatu imekwama wapi. Leo naomba mnitajie kipimo, sauti na neno.

Ni 3/4, yaani mapigo matatu kwa kila kipimo, Do = G, mwendo wa kutembea na sadaka mkononi. Kiitikio:

Twakuletea, ee Bwana,
mazao ya shamba letu;
yapokee mikononi mwako,
uyabariki, utubariki na sisi.

Sauti ya kwanza inaanza hivi (sol-fa: d r m ni do, re, mi; alama , ni nota ya chini, ' ni ya juu, | inatenga vipimo, : inatenga mapigo, – ni kuvuta):

| s, :l, :d .m | r :– :– | m :– :f | s :– :– |
Twa-ku-le-te | a, | ee – Bwa | na

Kwenye "yapokee" wanaume wanatangulia, kina mama wanadakia. Kilele kiko kwenye "uyabariki", sauti ya kwanza inapanda hadi d'. Mashairi ni mawili, la kwanza linaanza "Mkate huu wa ngano", la pili "Jasho la mikono yetu", tuni ni moja. Nota zote za sauti nne nimeziambatisha kwa PDF.

Karibuni mnikosoe. Nawasilisha.

#2 sauti_ya_pili_daima

Milele amina. Hongera sana mwalimu, maneno yamenigusa. Barikiwa.

#3 mwl_nota

Milele amina. Mwalimu, umefanya vizuri kuweka nota na maneno kwa pamoja. Wengi humu hutupia sauti ya kompyuta peke yake, halafu wanaomba ushauri. Kwa sauti ya kompyuta ninachoweza kukwambia ni kwamba tuni imenivutia au haikunivutia, basi.

Nianze na maneno, maana ndiyo yanayobeba wimbo wa ibada. Weka nota pembeni, simama, soma kiitikio kwa sauti kama unasoma somo la kwanza mimbarini. Utajisikia unasema twakuleTEa, ee BWAna, maZAo ya SHAmba LEtu. Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na silabi hiyo huvutwa kidogo. Sasa rudi kwenye nota zako. "Le" na "te" umezibana kwenye pigo moja la tatu, nusu kwa nusu, kisha "a" ikapewa pigo la kwanza la kipimo cha 2 na mapigo yote matatu. Mwimbaji atafuata ulichoandika, na kanisa litasikia twakuleteAAA. "Bwana" hivyo hivyo: "Bwa" iko pigo la tatu, pigo dhaifu, na "na" imepata pigo la kwanza, imepata urefu, imepata na nota ya juu kuliko zote katika mstari. Jina la Bwana limeangukia mkiani.

Jaribu hivi:

| s, :l, :d | m :– :r |   :   :m | s :– :m |
Twa-ku-le | te – a, | ee | Bwa – na

Vipimo ni vilevile vinne, na tuni haijaharibika, bado inapanda kutoka s, hadi s. Ila sasa "te" imekaa pigo la kwanza na inavutwa, "a" inashuka kama tunavyoshuka tukizungumza. Yale mapigo mawili yaliyo wazi kwenye kipimo cha 3 ni pumzi. Halafu "ee" inaingia pigo la tatu na kumrusha mwimbaji moja kwa moja kwenye "Bwa", na ile nota ya juu sasa iko mahali pake.

Kuna na jambo la "m". Katika "mkate", m ni silabi kamili na inahitaji nota yake: m-ka-te. Kwenye PDF naona umeipa, safi kabisa. Wengine wanaosoma hapa wazingatie, maana nakutana sana na "Mtakatifu" ambamo "Mta" imesukumwa kwenye nota moja. Neno lina silabi 5: m-ta-ka-ti-fu. Na kwenye "mtu", "mpya" na "nchi" mkazo uko juu ya hiyo m au n yenyewe, kwa hiyo ipe pigo lenye nguvu, usiipe nota ya kupitia tu.

"Shamba" si hivyo. Ni sha-mba. Wafundishe wavute "shaaa" mdomo ukiwa wazi mpaka wakati wa kuhama, ndipo "mba". Wakifunga midomo mapema utapata "shammm", na kwaya nzima inazimika katikati ya mstari.

Harmonia nitarudi kesho, nimeona kitu kipimo cha 6.

#4 mtunzi_wa_kigango

Mwalimu, shikamoo. Nimeimba zote mbili hapa nyumbani, kwanza peke yangu, kisha na mke wangu ambaye ni sauti ya pili. Tofauti inasikika kwenye mstari wa kwanza tu. Nachukua ya kwako kama ilivyo. Nimeendelea na mstari wa pili kwa njia hiyohiyo: "ma" inatangulia pigo la tatu, "za" inaangukia la kwanza.

Swali langu sasa ni mashairi. Nikilipanga shairi la kwanza vizuri, la pili linagoma. Yote mawili yana silabi 8, nimehesabu.

#5 mizani8

Hapo nipisheni niingie, mimi ni mtu wa mashairi zaidi kuliko nota.

Mleta uzi, mizani za ushairi wetu zinahesabu silabi, haziangalii mkazo unakaa wapi katikati ya kipande. Ndiyo maana shairi linaweza kuwa 8 kwa 8 bila kasoro na bado beti mbili zisikubali tuni moja ya 3/4. Mghani wa shairi ana uhuru wa kuvuta anapotaka. Kwaya ya watu 20 haina uhuru huo, pigo linawabana wote pamoja.

Tazama. "Mkate huu wa ngano": m-KA-te HU-u wa NGA-no. Mkazo uko silabi ya 2, 4 na 7. Tuni yako imekaa humo humo: "m" inatangulia, kisha pigo la kwanza linakuta KA, HU, NGA. Inapendeza sana.

"Jasho la mikono yetu": JA-sho la mi-KO-no YE-tu. Mkazo uko 1, 5 na 7. Ukilibandika kwenye tuni ileile unapata ja-SHO la MI-ko-no YE-tu. Shairi halina ubaya wowote, ila limevalishwa shati la mwenzake.

Njia ni mbili. Uandike nota tofauti kwa kila shairi, na watunzi wengi hufanya hivyo, au ubadilishe maneno yafuate mkazo wa shairi la kwanza. Mimi ningesema "Na jasho letu la kazi": na-JA-sho LE-tu la KA-zi. 2, 4, 7. Silabi 8 vilevile, na maana haijapotea.

#6 mtunzi_wa_kigango

Mizani8, ubarikiwe. "Na jasho letu la kazi" ndiyo inaingia. Hata maana naona imenyooka zaidi, kwa sababu kwenye mpunga jasho halitoki mikononi tu.

#7 dada_wa_soprano

Habari zenu kaka zangu. Mmeongea vizuri sana, ila hamjamfikiria anayeimba.

Do = G maana yake d' ya sauti ya kwanza ni G ya juu. Kwenye "uyabariki" mmetupandisha hapo kwa silabi "ri", tena kwa mapigo matatu. Irabu "i" huko juu inabana koo, hasa kwa mtu ambaye hajafundishwa sauti. Kwaya yangu Misa ya kwanza ni saa 12 asubuhi. Saa hizo mwanamke ametoka kuamsha watoto na kuwasha moto, sauti bado nzito, halafu unamdai G. Atapiga kelele au ataacha, na akiacha mmoja wanaacha wote.

Shusha Do iwe F. Kilele kinakuwa F, na s, ya mwanzo inakuwa C ya katikati, bado tunaifikia. Usishuke zaidi ya hapo, maana mwanzo wa wimbo utazama, na besi wako wataanza kunguruma.

Pia punguza kilele kwenye "ri", mapigo mawili yanatosha, kisha ushuke kwenye "ki". Neno lenyewe linataka hivyo: u-ya-ba-RI-ki. Na tafadhali baada ya "yapokee mikononi mwako" tuachie pumzi. Umeunganisha mistari miwili bila alama yoyote, kila mtu atapumua pake.

Kule kutangulia kwa wanaume nimekupenda. Usiguse hapo.

#8 mwl_nota

Dada amesema kweli tupu. Do = F.

Nimerudi kwenye harmonia. Kipimo cha 6 kwenda cha 7, besi inatoka d kwenda f, na sauti ya tatu inatoka s kwenda d'. Hiyo ni tano sambamba, yaani sauti mbili zinatembea pamoja kwa umbali wa nota tano: d na s ni tano, f na d' ni tano, zote zimeruka upande mmoja. Sauti mbili zinageuka moja, na wimbo wa sauti nne unabaki na tatu kwa muda. Rekebisho ni jepesi. Sauti ya tatu itoke s iende l, sauti ya pili ishike d yake palepale, sauti ya kwanza itoke m iende f. Kila mtu amesogea kidogo, besi peke yake ndiye anaruka, na hiyo ndiyo kazi yake.

#9 mtunzi_wa_kigango

Mwalimu, hapa naomba nikupinge kwa heshima zote. Ile tano niliisikia na nikaiacha makusudi.

Mama yangu ni Mgogo. Wagogo wanaimba nne na tano sambamba tangu enzi, na hakuna anayewaambia wamepungukiwa sauti. Marehemu Hukwe Zawose alizunguka na muziki huo duniani, na ala zake za ilimba na izeze, watu wakakaa kimya kumsikiliza. Sheria ya kukataza tano sambamba imetoka kwenye muziki wa Ulaya. Kwa nini wimbo wa mavuno wa Kilombero uhukumiwe nayo?

#10 mwl_nota

Hoja nzito hiyo, na nakubaliana na nusu yake bila ubishi. Sheria ile ni ya kontrapunto ya Ulaya, ufundi wao wa kusuka sauti kadhaa pamoja, haikushuka kutoka mbinguni. Mgogo anayeimba tano sambamba hakosei chochote.

Lakini sikiliza anavyoimba. Kwake usambamba ndio njia ya wimbo wenyewe. Sauti zinatembea pamoja mstari mzima, zikitumia skeli yenye nota chache ambayo inakubali mwendo huo, na sikio linazoea tangu mwanzo. Wimbo wako umeanza na sauti nne za kinanda, kila sauti na njia yake, kipimo cha 1 hadi cha 6. Ghafla tano moja, kisha unarudi kwenye mwendo wa kwanza. Msikilizaji hasikii Ugogo pale, anasikia sauti moja imetoweka.

Ukitaka Ugogo, uingize kweli. Chukua ile sehemu ya wanaume wanaotangulia "yapokee", waimbe tano sambamba kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, bila f na bila t, kisha kina mama wajibu kwa sauti zao. Hapo itasikika ni wewe umeamua. Kipimo cha 6 kirekebishe kama nilivyosema.

#11 mtunzi_wa_kigango

Mwalimu, hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nipe siku mbili tatu.

#12 mkatekista_mstaafu

Wanangu, amani. Niongeze upande wa liturujia. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati ya Sacrosanctum Concilium ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 121, unawahimiza watunzi, na unasema maneno ya nyimbo yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika vyanzo vya liturujia. Maneno ya kijana wetu hayana tatizo la mafundisho. Ningependa tu shairi la tatu litoke Zaburi ya 116, pale mtu anapouliza amrudishie Bwana nini kwa ukarimu wote aliomtendea. Ni swali la matoleo hasa.

Na kabla hujautumia parokiani, mpelekee paroko na kamati ya muziki ya jimbo wauone. Kazi iliyopita kwenye uzi kama huu inafika kule ikiwa imeshanyooshwa, na kamati haitapoteza muda kwenye mikazo.

#13 besi_mtaa_wa_pili

Swali kwa wote. Hamuogopi kuweka nota hadharani? Mimi wimbo wangu nilikuja kuusikia umerekodiwa na kwaya nyingine, jina la mtunzi halipo. Tangu siku hiyo vya kwangu nafungia kabatini.

#14 kinanda_cha_miguu

Pole sana mkuu, hilo linauma. Ila kabati halikulindi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kazi inalindwa tangu inapotungwa, huhitaji kusubiri cheti. Kinachosumbua watu ni ushahidi. Uzi wenye tarehe, nota kamili na jina lako au jina la utani unalotumia siku zote, ni ushahidi mzuri tu kwamba ulikuwa nayo siku hiyo. Kisha nenda kaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwenye kila ukurasa wa PDF, siyo wa kwanza pekee, andika mtunzi, mwaka na mahali. Watu wanapiga picha ukurasa wa katikati na kuusambaza, jina linabaki nyuma.

Nikiwa hapo hapo, mleta uzi, ukiweka PDF weka na faili la MusicXML, faili la nota ambalo programu mbalimbali zinaweza kulifungua. Wengi wetu Tanzania tulizoea Finale, programu ya kuandikia nota, kwa miaka mingi, na Agosti 2024 kampuni yake ilitangaza kuacha kuiendeleza. Ninao watu wawili watatu ambao kazi zao zote zimo kwenye mafaili ya Finale, na wanahangaika. MusicXML inafunguka kwenye MuseScore, ambayo ni ya bure, na kwenye Sibelius. Anayekukosoa anaweza kufungua, akabadilisha nota moja, akasikiliza, akakurudishia. Kwa PDF tunabaki kuelezana kwa maneno.

#15 mwana_staff

Kwa nini bado mnaandika d r m? Dunia inasoma staff, nota za mistari mitano. Kwa sol-fa mtabaki vijijini.

#16 mwl_nota

Ndugu yangu, staff nafundisha na naipenda. Kwenye moduleshoni ngumu (kuhamisha Do katikati ya wimbo) na kazi za ala inasaidia kuliko sol-fa. Lakini tuni tunayosimama kuiimbia bendera yetu ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni kule Afrika Kusini, na aliiandika kwa sol-fa kwa ajili ya wanafunzi wake. Hakuwa na jina kubwa. Beti nyingine ziliongezwa na mshairi Mqhayi mwaka 1927, Sontonga akiwa ameshafariki tangu 1905. Tuni ikavuka mipaka yote na leo ni wimbo wa taifa letu.

Kwaya ya kigango isiyo na kinanda inahitaji uhusiano wa nota na nota, na sol-fa inampa mwimbaji hicho hicho anachohitaji. Mwandikie kwa herufi anazozisoma. Faili la MusicXML litatosha kwa wenye staff.

#17 mtunzi_wa_kigango

Wakuu, nimerudi. Nimeambatisha toleo la pili, PDF na MusicXML, jina kwenye kila ukurasa.

Yaliyobadilika: Do = F. Mstari wa kwanza ni wa mwl_nota. Kipimo cha 6 kwenda 7, sauti ya tatu inakwenda l. Shairi la pili ni "Na jasho letu la kazi". Shairi la tatu nimelitoa Zaburi ya 116 kama alivyoshauri mzee wetu, na hilo nimeliandikia nota zake peke yake, maana swali halikutaka kuingia kwenye tuni ya mkate. Pumzi imewekwa baada ya "mwako".

"Yapokee" ya wanaume sasa ni tano sambamba mstari mzima, besi na sauti ya tatu, kwa d r m s l tu. Juzi jioni nilikusanya wanaume wanne, tukaimba nje, na mama alikuwa anapepeta mchele. Hakusema neno, ila mstari wa pili tulipoanza alikuwa anaitikia.

Kilichobaki ninachoona hakijakaa ni kiunganishi. Kina mama wanaingia na f kwenye neno "mikononi", baada ya wanaume kuimba mstari mzima bila f. Naona kama mlango umefunguliwa kwa nguvu. Niwape l kwanza?

#18 dada_wa_soprano

Kaka, nimeiimba. Usiwape l, utakuwa umewanyima kina mama kuingia na kitu chao. Waache na f, ila waanze pigo la tatu wanaume wakiwa bado wameshika d na s. Hiyo f itagongana na s kwa pigo moja, itauma kidogo, kisha besi ahamie f naye, sauti ya tatu ashuke afuate, ituame. Mimi huo mgongano nauhitaji pale, bila huo sina sababu ya kuingia.

#19 mwl_nota

Namuunga mkono dada. Ila andika alama ya kuimba kwa sauti ndogo kwa wanaume kwenye hiyo d na s, la sivyo f haitasikika.

#20 dada_wa_soprano

Alhamisi nina mazoezi na kwaya yangu. Nitawapa kiitikio na hiyo sehemu ya "yapokee", nirekodi kwa simu katikati ya kanisa, siyo karibu na sauti yoyote. Mleta uzi, nitumie sauti ya tatu peke yake kwa herufi kubwa, wazee wangu wawili macho hayaoni vizuri taa zikiwa hafifu.